Kila Chombo Jibu la Ubovu: Historia ya Umeme Katika Ndege za Kuundwa Nyumbani

Apatapo mtu nafasi ya kuchungulia nyuma ya dashibodi ya ndege ndogo iliyoundwa na mwenyewe katika karakana ya nyumbani, huona msitu wa waya. Nyekundu zimepita juu ya nyeusi, nyeupe zimefungwa pamoja kama ukili, na katikati yake zimo swichi, fyuzi, na visanduku ambavyo jina lake halisomeki. Mgeni wa mambo haya hustaajabu, na aliye mwenyeji huogopa. Maana ajua kwamba siku taa ndogo nyekundu itakapowaka angani kumwarifu kwamba betri haichajiwi tena, msitu ule ndio atakaolazimika kuuingia, na hapana mtu mwingine duniani aujuaye njia zake.

Madai ya insha hii ni mafupi. Kila chombo katika msitu ule kililetwa ili kuponya ubovu fulani wa chombo kilichokitangulia; na chombo kifapo, ubovu ule wa kale hurudi, aghalabu kwa sura yake ile ile ya kale. Kwa hiyo ajuaye historia ya mtambo anayo ramani ya maradhi yake. Wako watu wanaoidhania historia kuwa pambo la wasomi, isiyo na kazi katika mikono yenye grisi. Nataraji kuonyesha kwamba katika jambo hili, kama katika mengi mengine, historia ni bisibisi miongoni mwa bisibisi.

Yafaa kwanza tuelewane kwa maneno. Watu wengi wa pwani na bara walijifunza neno dinamo kwa ile chupa ndogo ya chuma iliyobanwa ubavuni mwa gurudumu la baiskeli, ambayo kwa kusuguliwa na tairi huwasha taa ya mbele. Ajabu ni kwamba chupa ile, kwa hesabu za mafundi, si dainamo hata kidogo. Ndani yake sumaku ndiyo izungukayo, na koili za waya zimetulia. Umeme utokao humo huenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa nukta moja. Umeme wa namna hiyo huitwa mkondo geu, na mtambo uutoao huitwa altaneta. Dainamo ya kweli ni ile inayotoa mkondo mnyofu, yaani umeme uendao upande mmoja tu, kama utokavyo katika betri. Tofauti hii, ijapoonekana ndogo, ndiyo shina la habari zote zinazofuata. Kwa kuwa betri haikubali kuchajiwa ila na mkondo mnyofu.

Mwanzo wa habari ni London, katika mwaka wa 1831, ambapo Michael Faraday alitambua kwamba sumaku ikibadilika mbele ya koili ya waya huzaa umeme ndani ya waya ule. Mwaka uliofuata, fundi wa Paris aliyeitwa Hippolyte Pixii aliunda mashine ya mkono yenye sumaku iliyozunguka chini ya koili. Mashine ile ilitoa mkondo geu, na watu wa zama zile hawakujua wautumie kwa kazi gani. Kwa shauri la Ampère, Pixii aliongeza pete iliyokatwa vipande, ambayo kila mkondo ulipotaka kurudi nyuma iligeuza viungo na kuulazimisha kwenda mbele. Tazama basi: mashine ya kwanza kabisa ilikuwa altaneta, ikafanywa dainamo kwa nguvu ya pete. Watu walikaa na pete ile zaidi ya miaka mia moja kabla ya kurudi walikotoka.

Sumaku za kudumu za siku zile zilikuwa dhaifu. Katika mwaka wa 1866 na mwanzo wa 1867, Werner von Siemens wa Ujerumani, na Wheatstone na Varley wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walifikiria jambo moja: mashine ijilishe yenyewe. Sumaku ya kudumu ikaondolewa, pakawekwa chuma kilichozungushiwa waya, na sehemu ya umeme uliozalishwa ikarudishwa katika waya ule kuutia nguvu zaidi usumaku wake. Hapo nguvu zilipatikana tele, lakini na deni jipya lilizaliwa. Sumaku ya kudumu haiombi kitu. Sumaku ya umeme hudai kulishwa. Waya wa kuilisha ukikatika, mashine nzima huzunguka bure kama jiwe la kusagia lisilotiwa nafaka. Mjenzi wa ndege na aliweke hili moyoni, maana atakutana nalo tena.

Ndugu Wright wa Marekani walipopaa kule Kitty Hawk, Alhamisi, tarehe 17 Desemba 1903, ndege yao haikuwa na betri angani. Betri kavu na koili yake vilitumika kuamsha injini tu, kisha vikaachwa chini mchangani. Cheche za injini ile ya mitungi minne, kazi ya mikono ya Charles Taylor, zilitoka katika magneto iliyozungushwa kwa msuguano wa gurudumu zito la injini yenyewe. Magneto ni mashine ya sumaku ya kudumu izaayo cheche bila kuomba chochote kwa mtu yeyote. Maadamu injini yazunguka, cheche ipo. Na maadamu cheche ipo, injini yazunguka. Safari ya kwanza ilidumu nukta 12 na ya nne nukta 59, na katika zote nne umeme haukuwa na njia ya kumsaliti rubani ila kwa kufa kwa magneto yenyewe.

Hekima hiyo ilikuwa ya lazima kwa kuwa betri zilikuwa nzito; lakini ilipokwisha kuwapo, watu waliiona kuwa njema kwa nafsi yake. Ikawa desturi injini ya ndege kupewa magneto mbili, na kila mtungi plagi mbili, moja kwa kila magneto, ili moja ikifa nyingine ibaki. Charles Lindbergh alipovuka Bahari ya Atlantiki peke yake tarehe 20 na 21 Mei 1927, kwa muda wa saa 33 na nusu, alikataa kubeba redio kwa ajili ya uzito wake. Hata hivyo juu ya mgongo wa ndege yake palikuwa na kipepeo kidogo kilichozungushwa na upepo. Kipepeo kile kilizungusha jenereta ndogo ndani ya usumaku wa dunia yenyewe, na umeme uliotoka ulimwonyesha kama yuko katika njia yake au amepotoka. Umeme ulikuwa mtumishi wa rubani, wala haukuwa nguzo ya uhai wake. Kama mtumishi yule angelala, injini ingaliendelea kunguruma.

Redio ndiyo iliyobadili mambo. Katika Vita vya 1914 hadi 1918, ndege zilianza kubeba kile ambacho wazee wetu walikiita simu ya upepo, na simu ya upepo yataka umeme mwingi. Jawabu la kwanza lilikuwa kufunga jenereta yenye kipepeo nje ya ndege, izungushwe na upepo wa mwendo. Sifa yake ni kwamba ilizidi kutoa umeme hata injini ikizimika, maadamu ndege yaenda. Kasoro yake ni kwamba ndege ikisimama ardhini haikutoa kitu, na ikiruka ilikokota kama nanga. Hivyo ikaja dainamo iliyofungwa katika injini yenyewe, jamaa ya ile ya magari. Na pamoja na dainamo ikaja betri ya risasi na asidi, ambayo Gaston Planté wa Ufaransa aliivumbua mwaka wa 1859.

Lakini dainamo na betri ni majirani wasioaminiana. Injini ikienda polepole, dainamo hutoa volti chache kuliko betri, na umeme wa betri hukimbilia katika dainamo na kuichoma. Ili kuzuia, pakawekwa relei ya kukata njia. Injini ikienda kwa kasi, dainamo hutoa volti nyingi mno na kuichemsha betri. Ili kuzuia, pakawekwa regyuleta, kidhibiti cha volti, ambacho hupunguza chakula cha sumaku kila volti zinapopita kiasi. Dainamo ikidaiwa umeme kupita uwezo wake, hujitoa mpaka ikaungua. Ili kuzuia, pakawekwa kidhibiti cha tatu, cha ampea. Kisanduku kimoja cheusi kikawa na walinzi watatu, kila mmoja akilinda dhidi ya ubovu wake. Na juu ya yote hayo, umeme wote wa mtambo ulipita katika ile pete ya Pixii na brashi za kaboni zilizoisugua, zikitoa cheche na kulika mchana kutwa.

Ukombozi ulitoka mahali pasipotazamiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa silikoni walitengeneza diodi, kijidude kisicho na kiungo kiendacho, kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja na kuukataza kurudi. Diodi sita zikipangwa vema hunyoosha mikondo mitatu ya altaneta kuwa mkondo mnyofu. Basi pete ya Pixii haikuhitajika tena. Kampuni ya Chrysler iliweka altaneta katika magari yake ya Valiant ya mwaka wa 1960, na katikati ya miaka ile ya 1960 ndege ndogo za viwandani zilianza kufuata. Katika altaneta, koili za umeme mkubwa zimetulia, na brashi hupitisha ampea chache tu za kulisha sumaku izungukayo. Diodi zazuia umeme wa betri kurudi, kwa hiyo relei ya kukata njia ikaondolewa. Altaneta kwa umbo lake hujiwekea mpaka wa ampea, kwa hiyo mlinzi wa ampea naye akapumzishwa. Akabaki mlinzi mmoja, wa volti.

Wakati huo huo jamii nyingine ya watu ilikuwa ikikua. Watu wa kuunda ndege nyumbani walikuwapo tangu mwanzo, kwani ndugu Wright wenyewe walikuwa mafundi wa baiskeli. Mwaka wa 1929 Bernard Pietenpol wa kijiji cha Cherry Grove katika Minnesota alirusha ndege ya mbao na kitambaa iliyotumia injini ya gari la Ford. Na mwaka wa 1934 Henri Mignet wa Ufaransa alitoa kitabu kilichowafanya watu wengi wa Ulaya kushika msumeno na gundi. Tarehe 26 Januari 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha katika Milwaukee chama cha wajenzi kijulikanacho kwa herufi EAA, ambacho kilikua mpaka kikavuka mipaka ya nchi yake. Sheria ya Marekani inaruhusu mtu kurusha ndege ya namna hii ikiwa sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu walioifanya kwa ajili ya elimu yao au burudani yao. Neno elimu limetangulia, nami nalichukua kwa uzito wake wote. Kiwanda hujenga ndege ili iuzwe. Mjenzi huyu, kwa maneno ya sheria, hujenga ili ajue.

Kwa habari ya umeme, wajenzi wale wa kwanza walikuwa matajiri kwa umaskini wao. Ndege nyingi zao hazikuwa na betri wala waya ila wa magneto. Pangaboi lilizungushwa kwa mkono, na redio ilikuwa anasa. Baadaye wakaja wajenzi waliotaka taa, redio, na kiamsha injini, nao walikwenda kutafuta altaneta mahali palipo rahisi, yaani katika magari. Altaneta ndogo za magari ya Kijapani zilipendwa kwa wepesi na bei yake. Hapo ndipo ugomvi mpya ulipoingia. Altaneta nyingi za magari zina regyuleta ndani ya tumbo lake. Katika gari hilo ni jambo jema. Katika ndege, rubani azoeaye kuizima altaneta kwa swichi anaweza kukuta kwamba regyuleta ikifa kwa namna fulani, swichi yake haina amri tena, na volti zapanda bila mtu wa kuzishusha. Kwa hiyo wengine huifungua na kutoa nje waya wa sumaku, na wengine huweka relei nzito katika waya mkubwa ili waitenge altaneta yote.

Ugomvi wa pili ulitoka katika mwili wa ndege yenyewe. Burt Rutan alirusha ndege yake ya VariEze mwaka wa 1975, iliyoundwa kwa povu gumu na nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na maelfu ya watu wakanunua michoro yake. Katika ndege ya bati, umeme ukimaliza kazi hurudi katika betri kwa njia ya mwili wa ndege, kama katika gari. Povu na kioo havipitishi umeme. Mjenzi alipaswa kumpa kila mtumiaji waya wa kwenda na waya wa kurudi, na waya wa kurudi, ambao mafundi wetu huuita ethi, ndio usahauliwao kwa wepesi zaidi. Mtu huchunguza siku nzima njia ya kwendea, kumbe mgonjwa amelala katika njia ya kurudia.

Labda msomaji atauliza: hatari iko wapi, ikiwa magneto hazihitaji betri? Swali ni la haki, na jibu lake lapatikana katika msiba uliotokea kwa ndege ya abiria, wala si ya nyumbani. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1983, ndege ya shirika la Air Illinois, namba ya safari 710, ilitoka Springfield kwenda Carbondale katika jimbo la Illinois. Punde baada ya kupaa, jenereta ya kushoto ilikufa. Rubani msaidizi, yaelekea kwa makosa, akaitenga ile ya kulia iliyokuwa nzima, nayo haikukubali kurudi kazini. Springfield ilikuwa karibu nyuma yao. Carbondale ilikuwa mbele, mwendo wa kiasi cha dakika 40. Nahodha aliamua kwenda mbele kwa nguvu ya betri. Injini hazikuwa na neno. Lakini betri zilikwisha kabla ya safari, taa na vipimo vikafa ndani ya mawingu na giza, na watu wote 10 waliokuwamo walikufa. Hawakuuawa na jenereta. Waliuawa na hesabu, kwa kuwa betri ilidhaniwa kuwa kisima, nayo ni mtungi.

Hesabu hiyo mjenzi wa nyumbani hana budi kuifanya kabla ya siku yake. Betri ya ampea-saa 16, ikitoa ampea 10, kwa karatasi itadumu saa moja na dakika 36. Lakini betri iliyozeeka haisomi karatasi. Robert Nuckolls wa Kansas, aliyeandikia wajenzi kwa miaka mingi juu ya umeme wa ndege, alishikilia jambo hili: vile vitu vichache vinavyohitajika ili kufika salama vipewe njia yake ya pili kutoka betri, ili rubani altaneta inapokufa azime mengine yote kwa mkono mmoja na abaki na mzigo mdogo anaoujua.

Sasa na tutumie ramani yetu. Katika mtambo wa volti 12, betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, injini ikienda na altaneta ikitenda kazi, husoma kati ya 13.8 na 14.4. Basi alama ya kwanza ni nyepesi kuliko zote: ikiwa injini yaenda nawe wasoma chini ya volti 13, altaneta haikulishi, hata kama kila kitu chawaka. Redio kuwaka si ushahidi wa uzima. Ni ushahidi kwamba mtungi haujakwisha.

Pima kisha volti katika mlango mkubwa wa altaneta, na tena katika betri. Volti zikiwa nyingi altaneta na chache betri, mashine ni nzima, na njia baina yao imekatika: fyuzi, au kichwa cha waya kilicholegea, au ethi. Volti zikiwa chache pote pawili, jikumbushe deni la Siemens: sumaku ya umeme hudai kulishwa. Zima injini, zima magneto, washa swichi kuu, na katika mtambo ambao regyuleta husimama baina ya swichi na sumaku, pima volti katika waya wa sumaku; zatakiwa kuwa karibu na za betri. Usipoziona, rudi nyuma hatua kwa hatua: regyuleta, fyuzi, swichi. Ukiziona, sogeza bisibisi ya chuma karibu na beringi ya nyuma ya altaneta. Ikivutwa, sumaku iko hai. Isipovutwa, brashi zimelika au waya wa ndani umekatika. Na katika kazi hii yote lisimamie kando pangaboi, usilielekee, wala usilizungushe. Maana magneto haina habari ya swichi kuu, na waya wake wa kuzimia ukiwa umekatika, mguso mmoja waweza kuiamsha injini. Wema ule wa mwaka wa 1903 ndio ubaya wake.

Ikiwa sumaku iko hai na altaneta yatoa umeme kidogo tu, sikiliza redio. Sauti nyembamba ya kulia ipandayo na kushuka pamoja na mwendo wa injini ni sauti ya mkondo geu uliokosa kunyooshwa. Diodi moja imekufa, na mashine ya Pixii ya mwaka wa 1832 yapiga kelele masikioni mwako. Betri ikilala usiku na kuamka tupu hali kila swichi imezimwa, huenda diodi imekufa kwa namna ya pili, yaani imekuwa mlango usiofungika. Huo ndio ubovu ambao relei ya dainamo iliwekwa kuuzuia. Na volti zikipanda kupita 16, mlinzi wa volti amekufa, na dainamo isiyofugwa ya karne iliyopita imerudi. Kila ubovu una kaburi lake katika historia, na kila kaburi lina jina.

Nimalizie kwa ubovu mmoja ambao umewala watu fedha nyingi bila ya haki. Sindano ya amita hutetemeka mbele na nyuma kama mtu mwenye homa. Mwenye ndege hununua regyuleta mpya, sindano yatetemeka. Hununua altaneta mpya, sindano yatetemeka. Kisa chake ni hiki. Katika mitambo mingi ya kawaida, waya mmoja hufanya kazi mbili: hupeleka chakula cha sumaku, na papo hapo humwarifu regyuleta volti ni ngapi. Swichi ikizeeka, na vichwa vya waya vikipata kutu, njia hiyo hupata ukinzani, tuseme wa omu 0.2. Sumaku ikila ampea 3, volti 0.6 hupotea njiani. Ikila ampea 1, hupotea 0.2 tu. Basi regyuleta huarifiwa habari ya uwongo, tena uwongo ubadilikao kila akitenda kitu. Akiongeza chakula, huambiwa volti zimepungua, akaongeza tena. Akipunguza, huambiwa zimepanda, akapunguza tena. Yeye si mgonjwa. Amepewa mjumbe mwongo. Dawa yake si regyuleta mpya, ila kupima volti zinazopotea toka chanzo cha waya mpaka mlangoni kwa regyuleta wakati umeme unapita, kisha kusafisha au kubadili kiungo kinachozila, au kumpa regyuleta waya wa pili, wa habari peke yake.

Katika zama zetu hizi umeme umeacha kuwa mtumishi. Wajenzi wengi huweka cheche za elektroniki na pampu za mafuta za umeme, na wengine injini nzima za magari, ambazo betri ikiisha nazo huisha. Aliyefanya hivyo ameondoa ukuta ambao ndugu Wright waliujenga baina ya cheche na betri, na lazima ajenge mwingine: altaneta mbili, au betri mbili, au njia mbili. Injini ya Rotax 912, iliyoenea tangu mwaka wa 1989, ilichagua hekima ya katikati. Cheche zake ni za elektroniki, lakini hulishwa na koili zake zenyewe ndani ya injini, na sumaku yake ni ya kudumu. Mpya hapo umeoana na wa kale bila kumdharau.

Mjenzi aliyeweka kila waya kwa mkono wake na kuandika namba ya kila mmoja katika daftari ana faida ambayo mnunuzi wa ndege ya kiwandani hana. Lakini faida hiyo yaweza kuoza. Akiwa alinakili mchoro wa mwenziwe bila kuuliza kwa nini kila kitu kipo, basi yeye naye ni mgeni katika nyumba yake, tena mgeni mwenye funguo. Mtu aulizaye "ni nini kimekufa?" hubadili vyombo mpaka mfuko umekwisha. Mtu aulizaye "chombo hiki kililetwa kuzuia nini?" huenda moja kwa moja mahali penye ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa haukuzaliwa jana. Sheria ilisema ajenge kwa ajili ya elimu yake. Na elimu hiyo haijakamilika siku ndege ipaapo, ila siku taa nyekundu iwakapo naye akajua, kabla ya kugusa waya wowote, ni swali lipi la kuuliza kwanza.